Mayai Yaliyooshwa

Don Evaristo aliyaokoa mayai ya yakare, mamba wadogo wa kinamasi cha kwao, muda mfupi kabla mto haujafunika kiota. Kila yai alilitia alama ya penseli juu, kama Delfina wa kituo cha utafiti alivyomfundisha, ili lisafiri vilevile lilivyolala. Yai la yakare likigeuzwa, kitoto hufia ndani.

Lakini homa ilimlaza, na asubuhi mkewe, Doña Ramona, ndiye aliyefika kituoni amekumbatia ndoo.

"Haya, binti yangu! Mume wangu angekuletea na matope yake, utadhani viazi. Nimeyaosha yote, hata ile michoromichoro nimeisugua ikatoka. Yanang'aa kama meno ya bibi harusi!"

Delfina alifunua nyasi. Mayai yalikuwa meupe pe.

"Uliyageuza, mama?"

"Sasa ningeyasuguaje bila kuyageuza? Nyie wasomi nanyi!"

Delfina aliinua yai moja mbele ya taa. Kivuli kidogo kilicheza mara moja ndani yake, kisha kikatulia. Alisubiri. Hakikucheza tena. Mwaka huu mafuriko hayakuwa yamesaza kiota kingine.

"Wazima?" Doña Ramona aliuliza, uso umemchangamka.

Delfina alifungua mashine ya kutotolea, akaanza kuyapanga moja moja, polepole, kana kwamba bado yangeweza kuumia.

"Tutasubiri, mama."

Doña Ramona akamsogezea kibuyu cha yerba mate, chai chungu ya majani ya kwao.

"Kunywa basi. Mbona unayashika kwa woga hivyo, na yameshatakata?"