Uboho wa Kaka

Fundi wa funguo alikunja mkono wa shati hata kabla hajaambiwa aketi. Kwa wiki tatu alikuwa akiingia hospitalini humo kifua mbele, kwani vipimo vya kwanza vilionyesha kwamba uboho wa mifupa yake unaoana na wa dada yake. Leo alidhani anakuja kupangiwa siku ya kutolewa uboho huo.

"Teremsha mkono, kaka," daktari alisema. Alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi. "Hatutauchukua uboho wako."

Akamweleza taratibu. Saratani ya damu ya dada yake ilikuwa ya aina kali. Kwa jinsi jeni zake zilivyoharibika, dawa peke yake zingeituliza miezi michache tu, kisha ingerudi. Tumaini lilikuwa uboho wa mtu mwingine. Ila kasoro moja kati ya hizo za jeni haikuanza ukubwani. Dada alizaliwa nayo. Naye fundi alikuwa nayo.

"Kwa hiyo na mimi naumwa?"

"Huumwi. Huenda usiumwe maisha yako yote, ila tutakupima damu kila mwaka. Lakini siwezi kumpandikizia mgonjwa kitu kilekile ninachojaribu kumwondolea."

Fundi alielewa upesi kuliko alivyotaka. Ufunguo ukiwa na jino bovu, nakala yake nayo haifungui. Jambo hilo huwaeleza wateja kila siku. Akamkumbuka mama yao, aliyefariki kwa kile walichokiita kuishiwa damu.

"Una ndugu mwingine wa tumbo moja?"

Alikuwapo kitinda mimba wao, mpaka rangi. Majibu ya kwanza yalipotoka, yule alikuja apimwe, fundi akamrudisha akiwa mlangoni: "Nenda kazini kwako, mmoja anatosha." Dada ndiye aliyewalea wote wawili, lakini fundi alitaka awe yeye peke yake wa kumrudishia fadhila. Wiki tatu zilikuwa zimepotea kwa majivuno yake, na sasa aliona aibu.

Alitoka hadi ukumbini akapiga simu.

"Mdogo wangu, nilikosea kukurudisha. Uboho wangu haufai, una kasoro ileile ya dada."

"Nakuja. Nimejaa rangi, nioge kwanza?"

"Usioge. Lakini sikiliza. Huenda wakakuta na wewe una kasoro hii. Ukishajua, hutaweza kujifanya hujui."

"Dada ameambiwa kuhusu wako?"

"Bado."

"Basi tutapanda wodini kumwambia pamoja. Usiende peke yako tena, kaka."

Mdogo wake alifika na rangi hadi masikioni. Muuguzi alimsugua mkono kwa pamba mara nne ndipo akauona mshipa, akimuuliza kama anapaka nyumba au anajipaka mwenyewe. Alicheka, lakini macho yake hayakuiacha sindano, na fundi akamwekea mkono begani.

Tangu utotoni fundi hakuwahi kukubali kuzidiwa na mdogo wake huyu, hata kwa mbio za kutoka kisimani. Sasa, damu ikipanda ndani ya kichupa, aliomba kwa moyo wote azidiwe naye, damu hiyo iwe haina kasoro.