Orodha ya Mlangoni

Mwaka 1973, katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba karibu na Isaka, beringi ya injini iliungua siku ya tatu ya msimu. Pamba ya wakulima ililala nje siku kumi na moja. Aliyebeba aibu hiyo ni Mihayo, fundi mkuu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ameandika. "Paka grisi beringi ya tatu" ilikuwemo kwenye daftari lake, imebanwa kati ya vipimo vya mikanda na anwani ya duka la vipuri la Mwanza. Daftari hilo lilikuwa na kila kitu alichojifunza kwa miaka tisa, na kazi zilipotea humo kama sindano kwenye pamba.

Mwaka uliofuata, Mama Coletha wa stoo alimkuta akipekua kurasa akitafuta kazi ya asubuhi hiyo.

"Fundi, vipimo utavihitaji hata mwakani," alimwambia. "Kazi ya leo ikiisha, imeisha. Kwa nini unaviweka pamoja?"

Jioni hiyo Mihayo aliketi na daftari, akachomoa kazi zote moja moja, akaziandika kwenye karatasi kubwa, akaipigilia msumari kwenye mlango wa chumba cha injini. Zilitimia arobaini na tatu. Kaza. Paka. Badilisha. Iliyokwisha ilikatwa mstari. Mzee Nkwabi, fundi mwenzake aliyemzidi umri, alipoandika upana wa mkanda kwenye karatasi hiyo, Mihayo alimwomba kwa heshima auhamishie daftarini.

Zikiwa zimebaki siku nane msimu ufunguliwe, malaria ilimwangusha. Kitandani kwake katika hospitali ya misheni hakuwaza homa. Aliwaza zile kazi kumi na nne ambazo hazijakatwa. Meneja alikwishasema kwamba injini ikigoma tena, ataleta fundi mwingine.

Siku ya kufungua alitoroka wodini, akapanda lori la pamba akiwa amejifunika blanketi. Magari yalikuwa yamepanga foleni mpaka relini. Alikwenda moja kwa moja mlangoni.

Kazi zote zilikuwa zimekatwa mstari.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Mbona umetoka kitandani?" Nkwabi alikuwa amepiga magoti kando ya injini, daftari limefunguliwa sakafuni. "Nafasi ya valvu nimeipata ukurasa wa sita. Sikuhitaji kumuuliza mtu."

Meneja alisimama akitazama, mikono nyuma. Nkwabi alijipangusa mafuta, akampisha. Mihayo alijivua blanketi, akashika mpini wa kuwashia, akauzungusha kwa nguvu alizobaki nazo.

Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikanguruma hadi mabati yakatikisika. Mikanda ikaanza kukimbia. Nje wakulima walipiga vigelegele na honi za malori zikaitikia. Saa nne robota la kwanza la pamba iliyochambuliwa lilidondoka, jeupe na zito, na Mama Coletha akampa Mihayo kiti akae alitazame.