Muziki Ulikuwa Umekatika

Dative aliapa kwamba muziki haukukatika. Aliusikia mpaka tamati, akamalizana nao vizuri, akatulia juu ya ncha za vidole, mikono imeinuka. Hapo ndipo alipoona wenzake wote wamelala kifudifudi sakafuni.

Ilikuwa mchana wa Julai, mwaka 2003, katika gereji ya nyumba moja ya mtaa wa Kinindo, mahali Madamu Huguette alipowafundisha mabinti dansi ya baleti. Bomu lilikuwa limeanguka upande wa milimani, umeme ukazimika na redio ikanyamaza papo hapo. La pili likaja karibu zaidi, vioo vikatikisika, mabinti wakajitupa chini. Dative akaendelea kuzunguka peke yake katika kimya kile, uso umekunjuka kama wa mtu anayeota ndoto njema.

Wala si hilo lililomkata maini. Mwanawe Jérémie, ambaye hata mwaka hajafikisha, alikuwa amelazwa kwenye mkeka kando ya ukuta. Sasa mkeka ulikuwa mtupu. Mtoto alikuwa chini ya kifua cha Jovithe, mchezaji mwenzake, amelia mpaka sauti imekauka. Na blauzi ya Dative ilikuwa imelowa maziwa. Maziwa yalisikia kilio, mwenyewe hakusikia.

"Nipe mutoto yangu," alisema.

"Ngoja kwanza," Jovithe akamjibu, bado yuko chini. "We bado uko kwenye dansi. Utamuangusha."

Jovithe huyu! Tangu Dative arudi darasani baada ya kujifungua, ndiye aliyekuwa akimuuliza mbele za watu kama anakuja kucheza au kunyonyesha.

Baadaye Madamu Huguette alieleza kwamba jambo lile huwapata wachezaji. Mwili ukiishika kazi yake sawasawa, mtu huyeyuka ndani yake kama sukari kwenye chai, na wengine huitafuta hali hiyo maisha yao yote wasiipate. Alisema kama anayempongeza, kisha akamwona mtoto, akainama kuukunja mkeka. Dative hakujua ashukuru au alie. Kulikuwa na neno moja ambalo hakumwambia mtu: alikuwa na furaha. Mabomu yanaanguka, mwanawe analia, na yeye yuko katika furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu vita vianze. Furaha gani hiyo? Na mama gani huyo?

Nyumbani, mtaa wa Bwiza, mumewe Musafiri alisikiliza yote, kisha akasema baleti iishe. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, siku Jovithe asipokuwepo itakuwaje. Dative alimnyonyesha Jérémie akimtazama machoni, akitafuta kama amesamehewa. Mtoto akamvuta pua.

Mji ulipotulia, alirudi Kinindo kuaga. Ndivyo alivyomwambia Musafiri, na ndivyo alivyoamini mwenyewe. Lakini alijikuta amevaa viatu vya kuchezea, Jérémie mgongoni kwa kitenge, mkono kwenye bomba la chuma ambalo wachezaji hushikilia. Alikunja magoti taratibu pamoja na wenzake, mtoto akasinzia. Ilipofika zamu ya kuruka, akabaki ukutani. Moyo ulimwambia nenda. Moyo uleule ukamwambia usithubutu.

Jovithe akaja nyuma yake bila kuombwa, akaanza kufungua fundo la kitenge.

"Nimekuja kuaga," Dative alisema.

"Na viatu? Vimekuja kuaga?" Jovithe alimpakata mtoto. "Enda, Mama Jérémie. Leo mi nitasikia kwa ajili yako."

"Na kama nikipotea tena?"

"Utapotea. Niko na sauti ya muuza samaki wa ndagala sokoni, nitakuita mpaka urudi."

"Na siku we haupo?"

Jovithe alimweka mtoto begani. "Hiyo siku we pia hauchezi."

Dative akaenda katikati. Redio ikaanza. Hakujua kama anaomba kupotea au anaomba asipotee. Kabla ya kuruka aligeuka mara moja. Jovithe hakuwa akimtazama yeye; alikuwa akimtazama mtoto. Dative akaruka.