Maji ya Theluji

Bi Saliha hakuunyosha mkono. Safa alikuwa amekwisha inama, kichwa chini, tayari kuubusu mkono wa mkwewe kama alivyoubusu tangu siku ya harusi yake. Lakini mkono ule ulibaki palepale juu ya goti, umeishika tasbihi isiyosogea.

"Shikamoo, mama," alisema Safa.

Wanawake waliokuwamo sebuleni waliinamia vikombe vyao vya kahawa.

"Marahaba," alijibu Bi Saliha, na jibu lenyewe lilikuwa kama mlango uliofunguliwa ufa tu. "Keti. Njia ni ndefu."

Safa aliketi. Nje, jua la Juni lilikuwa likiichoma Samad Ash Shan bila ya huruma. Mitende ilisimama kimya na vichala vyake vizito vilivyoanza kupiga manjano, na maji ya falaji, ule mfereji wa kunyweshea mitende, yalipita shambani taratibu kama mgonjwa anayejikokota. Yeye alitoka kwenye nchi ambayo mpaka mwezi wa Aprili bado huwa nyeupe. Alikuwa mjane wa Anuari, mtoto wa pili wa Bi Saliha, aliyefariki Januari katika nchi ambayo mamaye hajapata kuiona na kuzikwa chini ya kitu ambacho mamaye hajapata kukigusa. Eda aliikaa hukohuko, katika nyumba aliyofia mumewe. Ilipokwisha, alipanda ndege.

Hashil, kaka wa marehemu, ndiye aliyempokea uwanjani Maskati. Njia nzima walizungumza habari za joto na barabara mpya. Walipokaribia nyumbani ndipo Hashil alipopunguza mwendo.

"Shemeji, sisi tumeonelea Anuari ahamishwe, aje alale hapa kwao. Nimekwisha ulizia, inawezekana, ila bila ya ridhaa yako haiwi. Na jambo la pili: mama ana maneno. Mvumilie."

"Nitamvumilia," alijibu Safa. Lakini na yeye alikuwa na maneno, naye aliyabeba kutoka ng'ambo ya bahari mbili kama mtu aliyeficha jiwe kwenye kanga.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Yeye na Anuari walitoka katika familia zilizorudi Omani kutoka Unguja, ya Safa ikatua Ibra, ya Anuari ikatua Samad. Anuari alisomea udaktari wa mifugo, akaenda Marekani kuongeza elimu, na alipomaliza akapata kazi katika kijiji cha wafuga ng'ombe mashariki ya Ziwa Ontario. Walikwenda kwa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka. Kila Bi Saliha alipouliza kwenye simu, "Mtarudi lini, mwanangu?" Anuari alikuwa na jibu: "Safa hajamaliza masomo yake, mama." Baadaye: "Safa ndiyo kwanza amepata kazi skuli." Safa, mwiko mkononi, alikuwa akisikia jina lake likifanywa ngao, naye akinyamaza. Mke ni sitara ya mumewe. Lakini ukweli ni kwamba aliyetaka kubaki ni Anuari. Safa ndiye aliyekuwa akihesabu miezi.

Maana kijiji kile kilikuwa na tabia yake. Pepo za baridi zilishuka kutoka kaskazini-magharibi, zikavuka ziwa ambalo bado lilikuwa na joto la kiangazi matumboni mwake, zikanywa mvuke mpaka zikavimba. Zikifika kwenye vilima vyao zililemewa na kuutua mzigo wote hapo. Mji ulio mwendo mfupi tu kusini unaweza kuwa umekaa juani, na kwao theluji ikaanguka mchana na usiku mpaka ikafunika madirisha ya chini. Kandokando ya barabara walisimika miti mirefu ili dereva wa gari la kusafishia njia ajue njia iko wapi. Nyumba zilikuwa mbalimbali. Jirani wa karibu, mfugaji mzee aitwaye Lloyd, aliishi ng'ambo ya konde kubwa, na majira ya baridi alama pekee ya uhai wake ilikuwa moshi wa dohani. Mwaka wa kwanza Safa alilia karibu kila alasiri. Alihisi kuwa ameandikwa kwenye karatasi kisha mtu akaifuta.

Anuari alipachukulia vingine. Aliondoka alfajiri na gari lake la magurudumu yenye minyororo kwenda kuzalisha ng'ombe, akarudi masharubu yameganda, akicheka. "Sikiliza," alimwambia mara moja, wamesimama mlangoni. "Umepata kusikia dunia ikinyamaza hivi?" Safa alimjibu kwamba yeye kwao watu hunyamaza wakifiwa.

Asubuhi ile ya Januari theluji ilikuwa imekwisha anguka siku kadhaa. Umeme ulikatika, simu zikafa. Anuari alitoka na beleshi kupunguza uzito wa paa, kwani paa la jirani mmoja lilikwisha bonyea. Alirudi uso umemwiva, akaketi kwenye stuli karibu na mlango, akaanza kuvua viatu.

"Nitilie chai, Safa," alisema. "Tangawizi iwe nyingi."

Aliporudi na kikombe, mumewe alikuwa ameegemea ukuta, kiatu kimoja kimevuliwa, cha pili kimelegezwa kamba. Alimwita. Alimtikisa. Alimlaza chini akamkandamiza kifua kama alivyofundishwa skuli, akakandamiza mpaka mikono ikamfa ganzi. Kisha akatoka nje bila ya koti, akapiga kelele kuelekea ng'ambo ya konde, na theluji ikaimeza sauti yake karibu na midomo yake.

Haya ndiyo yaliyokuwa kifuani mwake alipoketi sebuleni kwa Bi Saliha. Familia ilikuwa ikijua kwa ufupi tu, kwa simu: amekufa ghafla, amezikwa huko, njia zilifungika, umeme na maji hakuna. Hayo mengine yalijazwa na fikira za watu, na fikira za watu hazikosi sumu.

Wageni waliaga mmojammoja, wakabaki wao wawili tu. Bi Saliha aliiweka tasbihi kando.

"Nasikia mwanangu alikoshwa na mtu mmoja."

"Ndiyo, mama. Mimi."

"Hapakuwa na Mwislamu mwengine?"

"Walikuwako mji wa mbali. Njia haikupitika. Mzee Lloyd, jirani yetu, ndiye aliyefika, siku ya pili yake, na kigari cha kutelezea juu ya theluji, kwa kuwa aliona dohani yetu haitoi moshi. Mimi moto niliusahau, mama. Nilikuwa nimekaa naye tu."

Bi Saliha alitazama ukutani. "Umeme hakuna, mifereji imeganda. Maji ya kumkoshea ulipata wapi?"

"Nje, mama. Lloyd aliuwasha moto jikoni, mimi nikachukua sufuria la pilau, nikatoka nikalijaza theluji nikaiyayusha. Sufuria zima la theluji hutoa maji kiduchu. Nilitoka nikarudi, nikatoka nikarudi. Lloyd alitaka kunisaidia, nikamwomba akae nje ya mlango, akakaa. Nikatia ule unga wa mkunazi uliokuwa ukinipelekea wa nywele. Nikaanza upande wake wa kulia, nikaja wa kushoto, kama inavyotakiwa. Sanda ilikuwa mashuka meupe, mapya. Nilimsalia peke yangu. Sikujua kama nasalia sawasawa."

Midomo ya Bi Saliha ilikuwa ikitikisika, na mwanzo Safa alidhani anajizuia asiseme neno baya. Kisha akasikia Kiarabu kikitoka chini kwa chini, yale maneno ya dua ya maiti ambayo kila mtu wa Samad huyajua tangu utotoni.

"*Waghsilhu bilmai wathalji walbarad*," alisema Bi Saliha, kisha akayarudia kwa Kiswahili cha Unguja alichoondoka nacho angali msichana. "Na umkoshe kwa maji, na theluji, na mvua ya mawe." Aliigeuza mikono yake akaitazama viganja. "Nimemwombea babaake hivi. Nimemwombea mama yangu. Maiti wangapi wametoka mlango huu, nikiwaombea theluji, wala siijui ikoje. Wallahi nikidhani ni maneno tu."

Safa naye aliviangalia viganja vile.

"Alizikwa lini?" Bi Saliha aliuliza.

"Njia zilipofunguliwa, mama. Walikuja wanaume kutoka ule mji, wakamsalia kwa jamaa. Lakini kaburi lilikwisha chimbwa. Pale kijijini desturi yao majira ya baridi hawazikani. Maiti huwekwa kwenye nyumba ya mawe mpaka ardhi ilegee. Nilikataa. Nilimwambia Lloyd, sisi kwetu maiti hangoji masika. Akanitazama, akaenda zake bila ya kusema neno. Nilidhani nimemuudhi. Baadaye nikasikia trekta lake makaburini."

Bi Saliha alisogea mbele. Sasa alikuwa mama tu, mzee, macho yake yamezama.

"Safa. Ile ardhi. Ilikuwa barafu?"

Hapo Safa akafahamu. Hakuwa akiulizwa habari za sheria wala za watu watasemaje. Tangu Januari, katika nchi hii inayowaka kama tanuri, mwanamke huyu alikuwa akimwona mtoto wake anatetemeka.

"Hapana, mama. Nami niliogopa hivyohivyo. Lakini Lloyd alisema mahali penye theluji nyingi ardhi haigandi. Theluji huifunika kama blanketi. Inayoganda ni ile iliyo tupu. Alipoiondoa theluji, iliyonipita kimo, akaanza kuchimba, udongo ulitoka mweusi, laini, unafuka moshi. Unafuka, mama, kama mkate uliotoka jikoni. Niliingiza mkono. Ulikuwa na joto kuliko mikono yangu."

Bi Saliha alijifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Mabega yake yalipanda na kushuka bila ya sauti. Safa alitaka kumsogelea, akakumbuka mkono ule usionyoshwa, akabaki alipo.

Kisha sauti ya Bi Saliha ilitoka nyuma ya mtandio.

"Nataka kukuuliza jambo moja, nawe usinifiche. Ni wewe uliyemzuia mwanangu asirudi?"

Jiwe lilikuwa hili, na sasa aliombwa alitoe. Angetamka sentensi moja tu, na ya kweli: mwanao ndiye aliyekataa, mama, mimi nililia nirudi. Miaka yote ya kubeba lawama isiyo yake ingetua chini. Alifungua kinywa. Akamwona Anuari mlangoni, masharubu yameganda, amesimama kama mtu aliyepewa dunia nzima bure. Akajiona mwenyewe majira ya baridi ya mwisho, kabla ya Januari, akiamka kabla yake na kwenda dirishani kutazama kama imeanguka. Hakumbuki ilianza lini tabia ile. Hakuna aliyemwamrisha. Kulia aliacha, ila hakupata kujitangazia kwamba ameacha.

"Tulipapenda, mama," alisema. "Sote wawili."

Maneno yalipokwisha toka alishangaa kuona hayakuwa uongo. Ndipo machozi yalipomjia, yale aliyoyangoja tangu kile kikombe cha chai, nayo hayakuwa ya mume peke yake. Alikililia kijiji chenyewe, na ile miti ya barabarani, na jikoni ambako Lloyd aliahidi kuingia kila wiki kuangalia kisanduku cha umeme na panya.

Bi Saliha alimtazama. Hakusema nimeamini, hakusema sikuamini. Alipapasa godoro pembeni yake, mara mbili, kama anavyoitwa mtoto, na Safa akahamia pale.

Hashil aliingia akitokea msikitini, kofia mkononi, akifuta jasho. Aliwaona wamekaa bega kwa bega, akasita.

"Mama, yule bwana wa Maskati niliyemuulizia habari za kumhamisha Anuari amepiga simu. Anasema kama shemeji ameridhia, mambo yaanze kabla ya—"

"Mwacheni," alisema Bi Saliha.

"Mama, wewe mwenyewe si ndiye uliyesema—"

"Nilisema. Sasa nasema mwacheni. *Khalas*, Hashil. Mtoto amelala, unamwamsha umpeleke wapi?"

Hashil alimgeukia Safa kana kwamba yeye ana jibu. Safa alikuwa akitazama mkono wa mkwewe, ambao ulikuja ukatua juu ya wa kwake, mkavu, mwepesi.

"Wewe utarudi huko?" Bi Saliha aliuliza.

"Sijui, mama."

"Hujui." Alitikisa kichwa, kama aliyesikia jibu alilolitarajia. "Na hiyo theluji inapoanguka, inalia vipi? Kama mvua?"

"Hailii, mama. Haina sauti."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Unaamka ukakuta kila kitu kimenyamaza, ndipo ujue kuwa inaanguka."

Bi Saliha alifikiri. Juu ya mlango kiyoyozi kilikuwa kikinguruma na kukohoa kama kilivyonguruma mchana kutwa.

"Hashil," alisema, "kizime hicho."

"Mama, joto hili—"

"Kizime, baba."

Hashil alikizima. Mngurumo ukafa, na joto likaanza kuingia taratibu kutoka kwenye kuta. Mwanamume alisimama na kofia yake, asijue akae au atoke. Mwishowe akaketi sakafuni. Bi Saliha alifumba macho, kichwa amekiinamisha upande mmoja, mkono wake juu ya mkono wa Safa, anasikiliza.