Kabati la Vipimo

Wagonjwa walimwita Darubini kwa sababu ya miwani yake minene, naye hakujali. Kwa miaka kumi na mmoja aliendesha peke yake maabara ya kituo cha afya. Kilichomkera ni kabati lililokuwa nyuma ya kiti chake. Ndani mlikuwa na maboksi manne ya vipimo vya haraka vya homa ya uti wa mgongo, na wiki ya tatu sasa yalikuwa chini ya kufuli. Mkuu wa kituo alitaka visiguswe mpaka wageni wafadhili waje kuvizindua na kupigwa picha.

Jumanne asubuhi mama mmoja, fundi cherehani, aliingia amembeba mgongoni binti yake wa miaka tisa. Mtoto alikuwa anachemka, shingo imekakamaa kama ubao. Siku mbili alikuwa akimeza dawa za malaria alizopewa hapohapo. Daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo ili yapelekwe hospitali kuu, majibu baada ya siku nne. Sindano za kumtibu zilikuwa chache, na amri ya mkuu ilikuwa zisitolewe bila jibu la maabara.

Darubini alikwenda kuomba ufunguo. Mkuu alimwambia asubiri Ijumaa, siku ya uzinduzi, mambo yana utaratibu.

"Huyu mtoto hafiki Ijumaa, mzee."

"Wewe ni daktari?"

Darubini alitoka. Aliazima nyundo ya fundi bomba aliyekuwa akitengeneza sinki, akavunja kufuli kwa mapigo matatu. Alidondosha maji yale kwenye kipimo, akakodolea saa macho. Baada ya dakika kumi na tano mistari ya kuthibitisha ugonjwa ikajitokeza. Daktari hakuuliza kipimo kimetoka wapi; alikimbilia sindano.

Mtoto alipona, ila masikio hayakusikia tena. Siku ya kuruhusiwa mama yake alimwita mara tatu, naye akaendelea kukunja shuka. Mama akamgeukia Darubini.

"Siku ya kwanza alipopewa vidonge vya malaria, vipimo hivi vilikuwepo?"

"Vilikuwepo, dada. Nyuma ya kiti changu. Na mimi nilikuwa nimekaa."

Fundi cherehani hakulia. Alimshika binti mkono, akaingia ofisini kwa mkuu bila kupiga hodi. Darubini akachukua barua ya onyo aliyoandikiwa kwa kuharibu mali ya kituo, akamfuata ndani, akafunga mlango.