Manyoya ya Kunguru

Kinanda cha kanisa letu la Gatina si piano, ingawa mwenyekiti Wanzala huwaambia wageni ni piano. Piano hupiga nyuzi kwa nyundo. Hiki ni cha kabla yake, na huzidonoa. Ukibonyeza kibao, kijiti kinapanda ndani, na ncha ya unyoya iliyochomekwa kijitini inaudonoa uzi kama kidole kwenye nyatiti. Mzungu wa Lavington aliyefuliwa nguo na mke wangu Nzilani alimwachia alipohama nchi. Chumba chetu cha Kianda hakikuwa na pa kukiweka, ndipo Nzilani akakipeleka kanisani.

Unyoya ukikatika, mimi fundi wa mbao nilitoa kijiti, naye akachonga unyoya mwingine kwa wembe. Mwanzoni tulijaribu ya kuku. Yalilia wimbo mmoja, yakapinda. Tukahamia ya kunguru, yakadumu.

Nzilani aliomba jambo moja tu kabla hajafa: apigiwe kinanda chake mwili ukitoka kwenda Kitui. Wanzala akakataa. Alisema kile kimewekewa wageni wakubwa, hakitoki stoo kwa ajili ya mfua nguo. Mke wangu akaondoka kimya kama gunia la makaa.

Majuzi ikasikika askofu anakuja. Wanzala akanituma nikakisafishe kinanda, na nikakisafisha kweli. Nilichomoa manyoya yote, nikayafunga kwenye leso ya Nzilani, nikapanda basi hadi Kitui, nikayafukia kaburini kwake.

Jumapili, Tracy binti Wanzala akaketi mbele ya askofu na gauni jipya. Akabonyeza. Tok, tok, mbao tupu. Kwaya ikabaki midomo wazi. Mama mmoja nyuma akauliza kama huyo msichana anakatakata sukuma wiki, na benchi zima likainama kucheka.

Wanzala akanivuta nje.

“Mutinda, umefanyia nini hii kitu?”

“Manyoya yameisha, mwenyekiti. Yameenda na mwenye kuyachonga.”

Nilingoja anitukane. Badala yake akalainika, akanishika bega kwa mara ya kwanza tangu msiba.

“Si uniambie tu ni ya ndege gani, baba Kavindu. Askofu anarudi Pasaka. Nisiaibike tena.”

Nyuma yake, juu ya bati la bucha, kunguru walikuwa wamejipanga, wamenona.

“Kuku,” nikamwambia. “Tafuta jogoo mzuri.”

Akanishukuru sana. Pasaka nitawahi mapema, nikae benchi la mbele. Wimbo wa kwanza utaenda vizuri. Mimi nangoja wa pili.