Saa Tano Kutoka Maskati

Jumanne asubuhi Bi Raihana alikuwa akichekecha unga wa mahamri, nyumbani kwake mtaa wa Langoni, mwanawe Jeilani alipoingia na kuvua ndara mlangoni. Jeilani alikuwa amefariki Jumapili huko Maskati, na msikitini walikuwa wameshamswalia swala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali. Bi Raihana akamsogezea mkeka.

"Umekuya na nini?" akamuuliza.

"Kwa maguu, mama. Ndege ni saa tano hadi Nairobi, kisha saa moya hapa Manda. Lakini maiti haipandi bila karatasi. Nimengoya, nikachoka."

Kilomita elfu tatu na mia sita alizimaliza kwa siku mbili, bahari na nchi kavu. Wafu hawalali wala hawaulizwi pasi. Nyayo zilikuwa zimemtoka malengelenge. Alitaka jambo moja tu, azikwe upesi kama watu.

Bila kibali cha kuzika, makaburini hakuchimbwi, na kibali kilikuwa mikononi mwa Bwana Zaki, wakala wa ajira aliyempeleka Maskati. Bi Raihana akavaa buibui akaenda ofisini kwake. Bwana Zaki alikuwa amejimwagia marashi hadi mtu anakohoa. Akachungulia simu yake.

"Ndege yake haiyaondoka, Bi Raihana. Hawezi kuwa amefika."

"Yuko kwangu, ameketi. Twende ukamuone."

Akasema atakuja. Alikuja Alhamisi.

Kufikia hapo Jeilani alikuwa ameshaanza kunuka, naye akawaomba radhi majirani. Bi Thuwaiba wa nyumba ya pili alileta udi na asumini. Siku zote hizo Bi Raihana hakuziba pua. Aliiziba Bwana Zaki alipokanyaga kizingiti na marashi yake.

Karatasi aliyokuja nayo ilisema Jeilani alikufa kwa ugonjwa wa moyo, ugonjwa aliokuwa nao tangu utotoni na akawaficha waajiri wake. Ulikuwa uongo, na ulikuwa umepigwa mihuri mitatu.

"Moyo wangu ulikuwa mzima," akasema Jeilani. "Nimeuawa ni yua. Tulikuwa tukimwaga lami adhuhuri. Tuliomba kivuli, tukanyimwa."

Bwana Zaki alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Allah akurehemu," akamwambia. "Lakini neno la marehemu haliandikwi kwenye fomu. Mama atie sahihi hapa, nami nimpe kibali."

Bi Raihana akamgeukia mwanawe. Nzi walikuwa wakimtua kwenye kope, naye hakuwa na nguvu ya kuwafukuza.

"Tia, mama," akasema. "Sitaki kuoza mbee yako."

Akatia sahihi. Kisha akaenda uani, akatapika.

Jeilani akajilaza mwenyewe kwenye kitanda cha kuoshea na kufumba macho. Wakamkosha, wakamswalia tena, safari hii akiwapo, akazikwa kabla ya alasiri. Bwana Zaki alisimama safu ya mbele, na dua ilipoombwa aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wafiwa wote.

Jioni akaja matangani kutoa pole, akaketi barazani na wanaume. Kahawa aliipika Bi Raihana, kwani aliyekuja kutoa pole hanyimwi kahawa, hata awe nani. Kutoka nyuma ya pazia alimsikia akiisifu tangawizi yake na kuomba kikombe cha pili. Akamtilia.